Shangazi, nyumba iliyonipokea sasa inanimaliza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 24, niko mwaka wa mwisho chuoni. Nawapenda wasichana wenzangu, nalijua hilo tangu nikiwa mdogo, na kwa muda mrefu niliamini kwamba katika ukoo mzima na mtaa mzima niko peke yangu. Nilipokuwa mwaka wa pili, rafiki alinipeleka kwenye nyumba inayoendeshwa na makuchu wenyewe, yaani watu wa mapenzi ya jinsia moja na waliobadili jinsia. Si shirika. Haina mfadhili, hakuna anayelipwa mshahara. Ni nyumba ya kupanga, kodi tunachangishana, kazi zote ni za kujitolea. Kuna rafu za vitabu, kuna mazungumzo ya jioni, kuna siku ya waliobadili jinsia, na kuna chumba cha magodoro kwa aliyefukuzwa kwao.

Siku ya kwanza nilifika na maelezo marefu kichwani: mimi ni nani, nimeletwa na nani, nataka nini. Niliyemkuta alikuwa anapiga deki. Akaegemeza fimbo ya deki ukutani, akaniuliza, "Tukuite nani hapa?" Basi. Maelezo yangu yote yakakosa kazi.

Sitaki udhani nakuja kuisema vibaya. Kabla ya nyumba ile nilikuwa nalala mchana kutwa ili siku iishe. Pale nilijifunza kuongoza kikao, kuandika barua ya kuomba kazi, kumtaja mpenzi wangu bila kuteremsha sauti. Siku moja niliwasikia akina mama wawili wa makamo, wapenzi wa siku nyingi, wanagombana nani kasahau kuzima taa. Nikabaki nimeduwaa. Sikuwahi kufikiri kwamba watu kama sisi huishi pamoja mpaka wakafikia kugombania taa.

Sasa tatizo. Kaka aliyekuwa mratibu alipata kazi mbali, akanikabidhi funguo "kwa muda". Muda huo haujaisha. Nafungua mimi, nafunga mimi. Simu ya dharura iko mfukoni mwangu usiku na mchana. Ukifunua daftari la zamu utaona jina langu, na chini yake alama za kurudia mpaka mwisho wa ukurasa. Muhula uliopita nilifeli somo kwa sababu usiku wa kuamkia mtihani kijana mmoja wa miaka 19 alipiga simu saa nane, baba yake kamtupia nguo nje. Nilikwenda. Ningefanyaje? Mpaka leo ananipigia mimi tu, hata akikosa usingizi.

Juu ya hayo, msichana niliyeachana naye ndiye mweka hazina. Tunakaa wawili meza moja tunahesabu michango ya watu na hatutazamani usoni. Marafiki wa chuo nimewapoteza mmoja mmoja. Mama anajua tu kwamba "najitolea kwenye kikundi cha vijana", haulizi zaidi.

Juzi nilisema kwenye kikao kwamba nimechoka, naomba mtu mwingine ashike simu mpaka nimalize mitihani. Kimya. Kisha mwenzetu mmoja, ambaye nampenda na kumheshimu, akasema: "Nyumba hii ilikupokea ulipokuwa huna pa kwenda." Nikaondoa ombi langu pale pale.

Nikibaki hivi, chuo nitaanguka. Nikiondoka, nitakuwa nimewafungia mlango wanaokuja nyuma yangu. Je, mimi ni mtovu wa shukrani? Niondoke? Na nikiondoka, nitabaki na nani?

Mshika Funguo

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kauli ya yule mwenzako, maana nahisi ndiyo iliyokukalisha chini ukaniandikia. Funguo ungezivumilia mwaka mwingine. Ni kweli nyumba ilikupokea. Lakini yule aliyekuwa anapiga deki hakukukopesha kitu. Hakuandika mahali kwamba binti huyu tumemuuliza jina lake, atalipa kwa kukesha. Wazee walisema tenda wema nenda zako. Anayetenda wema kisha akabaki mlangoni na daftari la madeni, huyo yuko kwenye biashara. Wala sidhani mwenzako ana roho mbaya. Nadhani aliogopa. Alisikia "nimechoka", akaona funguo zinamjia yeye. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mpaka uambiwe uupokee.

Kwa hiyo hapana, shukrani unazo. Umezidisha, kama kuna kosa.

Ila sitaki tuifanye nyumba yenyewe kuwa ndiyo adui. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani Ilan Meyer aliandika makala ambayo mpaka leo wanaochunguza afya ya akili ya watu kama wewe hawaachi kuirejea. Hoja yake ni kwamba huzuni na wasiwasi unaowaelemea mashoga na wasagaji hautokani na namna wanavyopenda. Unatokana na kuishi ukijificha, ukitarajia kukataliwa kila kona, ukimeza maneno ya watu mpaka nawe ukayaamini. Na akaonyesha kwamba kuwa na wenzako hupunguza makali hayo, kwa sababu ukiwa nao unaacha kujipima kwa kipimo cha wengi. Wale akina mama na taa yao walikufanyia kazi hiyo bila kujua. Kijana wa miaka 20 anayeona giza mbele yake hana haja ya hotuba ya kujiamini. Amwone mtu wa miaka 50, mzima, mwenye kodi ya kulipa na mpenzi anayemkera. Hilo halipatikani kwa daktari, na mimi mwenyewe siwezi kukupa kwa barua.

Ndiyo maana nataka nyumba yenu idumu, na kwa jinsi mnavyoiendesha sioni ikidumu.

Mwaka 1970 jijini New York, Sylvia Rivera na Marsha P. Johnson walianzisha nyumba ya vijana waliobadili jinsia na mashoga wadogo waliokuwa wanalala mitaani. Rivera alikuwa na miaka 19, hajafika hata umri wako. Kodi ilitoka kwao wawili, na pesa hizo walizipata kwa kujiuza barabarani ili wale vijana, ambao waliwaita watoto wao, wasilazimike kufanya hivyo. Mwaka 1971 walifukuzwa katika jengo lile. Leo majina yao yanatajwa kwa heshima kubwa, na wanastahili. Lakini mimi nikisoma habari zao nakwama kwenye hesabu: watu wawili, kundi la vijana, kodi ya kila mwezi. Ushujaa ulikuwepo tele. Wa kuwapokea zamu hakuwepo.

Linganisha na London. Mwezi Machi 1974 wanaharakati walifungua laini ya simu kwa ajili ya mashoga na wasagaji katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vitabu karibu na King's Cross. Nao walikuwa watu wa kujitolea, na nao walikuwa wanapigiwa na watu waliofukuzwa, walioachwa, walioshikwa na hofu. Tofauti ni kwamba simu ilikaa mezani. Aliyemaliza zamu aliandika yaliyotokea kwenye daftari, akaacha kiti, mwingine akakaa. Laini hiyo imevuka miaka 50 na bado inapokea simu. Najua simu yenu ni ya mkononi na hamna ofisi. Haidhuru, mfuko wa kuibeba unaweza kubadilishwa.

Sasa niulize jambo. Yule kaka mratibu alichaguliwa na nani? Na wewe je? Bila shaka hakuna aliyewachagua, kwa sababu nyumba za namna hii hupenda kusema "hapa hatuna bosi". Jo Freeman, mwanaharakati wa ukombozi wa wanawake huko Marekani, alilizungumzia hili mwaka 1970 akiwatazama wenzake mwenyewe: kikundi kikijisifu kwamba hakina uongozi, uongozi haujaondoka, umejificha, na kwa kuwa umejificha hakuna wa kuuhoji. Wewe umeonja upande wa pili wa jambo hilo hilo. Uongozi uliojificha hauna pa kuutolea. Utajiuzulu vipi cheo ambacho hakuna aliyewahi kukupa?

Basi rudi kikaoni, na safari hii usiende na ombi. Nenda na taarifa. Waandikie kabla, mistari michache: kuanzia tarehe fulani mpaka mitihani iishe sitakuwa na simu wala funguo, siku hiyo nitavileta vyote kikaoni na kumkabidhi atakayejitokeza, asipojitokeza mtu, nitawaarifu wanaotupigia kwamba huduma ya usiku imesimama kwa sasa, na nitawapa namba nyingine za msaada. Wape wiki mbili za kujipanga. Ukishasema, nyamaza. Mara ya kwanza kimya ndicho kilichokushinda, ukakimbilia kukivunja kwa kuondoa ombi lako. Kiache kikae, hata kama watu watatazama viatu vyao dakika nzima. Mtu akikukumbusha tena kwamba nyumba ilikupokea, mjibu: ndiyo, na asanteni, na funguo hizi hapa.

Ikilazimu nyumba ifungwe siku kadhaa kwa wiki, na ifungwe. Kijana atasaidiwa zaidi na mlango ambao hakika uko wazi siku tatu kuliko mlango unaosemwa uko wazi daima wakati mwenye funguo kalazwa.

Kukabidhi nako kuna namna yake, na hapa nitakuwa mkali. Nchi zaidi ya 60 duniani bado zina sheria za kuwaadhibu watu kwa mapenzi ya jinsia moja, na hata pasipo na sheria hiyo kuna mzazi, mwenye nyumba, mwajiri. Simu iliyo mfukoni mwako ina namba za kila aliyewahi kuwaamini. Kabla haijatoka mkononi mwako, kaeni wawili mpitie kilichomo. Majina kamili yabadilishwe yawe yale watu wanayotumia pale ndani. Jumbe za zamani zifutwe, na picha za sherehe zifutwe, hata ile nzuri mliyopiga mkiwa wote. Daftari la zamu lichunguzwe vivyo hivyo, maana mtu akilisahau kwenye basi limeshasema kila kitu. Kama una nakala ya namba hizo kwenye simu yako binafsi, ifute mbele ya mwenzako ili kesho asije mtu akakushuku. Funguo zishikwe na watu wawili, na siku wanapozipokea wapangiwe na siku ya kuziachia, iandikwe ukutani. "Kwa muda" ndiyo iliyokufikisha hapa.

Na nyinyi wakubwa wa nyumba hizi mnaosoma hapa, naomba mniazime sikio. Funguo huishia kwa kijana wa miaka 24 kwa sababu hana watoto, hajui kusema hapana, na bado ana machozi ya shukrani ya siku ya kwanza. Mnakuja kwenye mazungumzo ya jioni, mnakunywa chai, mnasimulia enzi zenu, halafu saa ya kufunga milango mnaaga. Mshika Funguo, wale akina mama wawili wa taa, majina yao yamo kwenye daftari la zamu? Kama hayamo, kawaombe wewe mwenyewe, uso kwa uso. Nina hakika hakuna aliyewahi kuwaomba.

Tena una kazi nyingine ya kuwapa. Yule kijana wa miaka 19 ndiye aliyenikaa moyoni kuliko yote uliyoandika. Anakupigia wewe tu kwa sababu usiku ule ni wewe uliyetokea. Hana kosa, nawe huna. Lakini huwezi kuwa kamba pekee iliyomshikilia mtu, wewe mwenyewe unayefeli mitihani kwa kukosa usingizi. Usimwache kwa kumtumia ujumbe, wala usianze kuacha simu yake iite mpaka ikatike ukidhani ataelewa. Ataelewa kile kile alichoelewa kwa baba yake. Mtafute mchana. Nenda na mtu mzima mmoja wa nyumba, mkae watatu, muongee mambo ya kawaida kwanza. Kisha mwambie wazi: nina mitihani, sijakuchoka. Usiku mpigie huyu. Jumapili tutaonana mimi na wewe, mchana. Halafu Jumapili uende kweli, maana ndipo atakapoamini.

Na kama katika simu hizo za usiku aliwahi kusema hataki kuishi, au amesema kwa kuzungukazunguka, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Watu huogopa kuuliza wakidhani watampa mtu wazo. Hawampi, mara nyingi humpunguzia uzito. Akisema ndiyo, jambo hilo limeshavuka uwezo wa mtu wa kujitolea. Asibaki peke yake usiku huo, na atafutiwe mtu mwenye ujuzi wa afya ya akili, yule ambaye nyumba inajua kwamba hatamdhalilisha. Kama nyumba haijui hata mmoja, kumtafuta ni kazi ya kikao kijacho, kabla ya kupanga sherehe yoyote.

Kuhusu mpenzi wako wa zamani nitasema kidogo. Pesa za watu hazihesabiwi na wawili walioachana, hata wangekuwa malaika. Mmoja wenu atoke kwenye meza ile, na kwa kuwa wewe unatoka kwenye kila kitu, jambo limejimaliza. Hesabu zibandikwe mahali kila mtu anaziona. Kuhusu moyo wako, huo utapoa ukipata umbali, na umbali hujawahi kuupata kwa sababu mapenzi yako, marafiki zako, kazi yako na kimbilio lako vyote viko chini ya paa moja. Uliachana na mtu mmoja tu, lakini ghafla hukuwa na mahali pa kukaa jioni.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la mwisho. Umeniuliza utabaki na nani kana kwamba ukiweka chini funguo utafutwa jina. Usiihame nyumba. Acha uongozi, baki mtu wa nyumba. Nenda siku ya mazungumzo, kaa nyuma, ongea au usiongee, kisha ondoka vikombe vikiwa bado havijaoshwa. Nadhani hilo la vikombe litakuwa gumu kwako kuliko kukabidhi simu. Jaribu hivyo hivyo. Una haki ya kuwa mgeni mahali ulipokuwa mwenyeji, na wanaoingia leo kwa mara ya kwanza watafaidika wakiona mtu aliyepita pale akaenda kuwa na maisha yake, kisha akarudi kusalimia tu.

Marafiki wa chuo hawajafa. Mtafute mmoja, si wote, yule aliyekuwa mwepesi kucheka. Si lazima umweleze unampenda nani ndipo msome pamoja. Najua katika nyumba ile mmezoea uwazi, na ukizoea uwazi ule urafiki mwingine huonekana kama unafiki. Mimi sioni hivyo. Kuna watu wa kuwaambia yote na kuna watu wa kukumbushana ratiba ya mtihani, na wa pili hawa ndio uliowakosa muhula uliopita. Baadaye mmoja wao anaweza kukushangaza kwa wema wake, lakini usimjaribu mwezi huu.

Mama sitamgusa, maana hukuniuliza. Ulichomwambia si uongo, na kama siku ya kumwambia zaidi itafika, isifike katika wiki za mitihani wala kwa kusukumwa na mtu wa nyumba anayesema ukijificha unawasaliti wenzako. Nimesoma barua nyingi za watu waliosukumwa hivyo. Unayelala chini ya paa la mama yako, au unayelipiwa ada naye, ndiye unayejua gharama.

Kabla ya kikao, nenda ofisi ya chuo uulize tarehe ya mwisho ya kujiandikisha kurudia lile somo. Tarehe hizo hupita bila mtu kukuambia. Ukishaijua, ndiyo utakayoitumia kupanga siku ya kukabidhi funguo.

Shangazi